Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Mimi ni mtu wa aibu, lakini wiki iliyopita nilimfokea jirani yangu wa saluni, Mama Zuhura, mbele ya wateja wake. Hasira niliyokuwa nayo siku ile sasa imenigeukia mwenyewe.

Nahariri video za harusi kwenye kibanda hapa Newala. Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi ndogo vizuri, ila nikiiambia itoe video nzima, inavuma, inaganda, kisha inazima. Bibi harusi alikuwa akiisubiri video hiyo aipeleke Kitangari kwa bibi yake mgonjwa, aliyeikosa sherehe.

Nikaamua kwamba saluni ya Mama Zuhura inaninyonya umeme. Nikaingia, hata shikamoo sikutoa.

"Zima madrayer yako! Yananiulia mashine!"

Mama Zuhura akayazima yote. Akaja kibandani na wateja wake, rola kichwani.

"Haya, washa tuone."

Nikawasha. Ikavuma, ikazima.

"Sasa hapo nani kavuta umeme?" Akaigusa, akarudisha mkono haraka. "Inaunguza! Na hii nguo?"

Kilikuwa kitambaa alichofuma mama yangu. Watu walipoanza kupulizia mikorosho dawa ya salfa, niliizungushia mashine yote kitambaa hicho ili unga wake usiingie, nikaziba na matundu ya kutolea joto.

"Umeivalisha sweta wewe, kesi umeniletea mimi!"

Wateja walicheka mpaka mmoja rola zikamdondoka. Nikafungua fundo la kitambaa. Kisha nikasema, "Shikamoo, Mama Zuhura."

"Hiyo ilitakiwa itangulie," akanijibu. "Iache ipoe, uwashe. Bibi wa watu anasubiri."