Nilimpa mama mwenye nyumba jina la mhusika kwenye jitabu la kurasa mia tisa, yakanikuta

Wakuu, poleni na majukumu.

Ninayoleta hapa sijayatia chumvi wala ndimu. Mke wangu amekaa pembeni anasoma kila mstari, nikiongeza neno ananikatiza.

Mimi ni mtu wa Bungoma, nafanya kazi store ya kiwanda kimoja Changamwe, na nyumbani ni Bofu, Likoni. Kwa upande wa kusoma, nilikuwa mtu wa kurasa za michezo tu.

Sasa kazini kuna mzee mmoja anayeshughulika na makaratasi ya mizigo, msomaji haswa. Alinikuta na gazeti saa ya mapumziko akaniambia mtu mzima hawezi kuishi kwa matokeo ya mpira. Kesho yake akaniazima classic moja ya zamani, ya Kiingereza, habari za nchi ya baridi kali. Kurasa mia tisa na ushee, herufi ndogo kama sisimizi.

Nikaona hapa nisipokimaliza hiki nitachekwa hadi nistaafu.

Kilichonishinda ni majina. Kila mhusika ana majina matatu marefu, halafu ndugu zake wanamwita la nne. Nilianza mara tatu, na mara zote nikakwama kwenye ukurasa wa sitini, sijui nani mjomba wa nani.

Mke wangu Kadzo, Mgiriama wa Kaloleni, akanihurumia. Akauliza kwa nini nisiwape majina ya watu ninaowajua.

Jambo rahisi hivyo, na mimi na diploma yangu sikuliwaza.

Basi jenerali mpenda makelele akawa supervisor wangu. Mlevi mwenye roho nzuri akawa binamu yangu wa Webuye (anajijua). Na yule mama mjane mwenye jumba kubwa, funguo kiunoni, mkali kwa usafi kupita kiasi? Huyo hakuhitaji kufikiriwa. Alikuwa Bi Rukia.

Bi Rukia ni mama mwenye nyumba wetu. Mswahili wa Mvita, mjane, anakaa chumba cha mbele, na vyumba vyetu wapangaji vinafuatana kwenye korido. Tulikuwa na miaka miwili hapo. Kadzo alipojifungua, mama yake alikuwa mgonjwa kwao, na Bi Rukia ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto siku zote arobaini. Mtoto wetu asubuhi akiamka hataki mimi wala mama yake, anataka mlango wa mbele.

Hilo mlikumbuke, maana ndilo nililokaribia kulipoteza.

Baada ya majina kukaa sawa, kitabu kikaanza kukimbia. Nasoma kwenye feri, jioni nikifika namsimulia Kadzo akipika. Akawa ananisubiri mlangoni, si kwa mapenzi, ni kwa kutaka kujua jenerali kafanya nini.

Sasa wanaojua nyumba za Kiswahili wanajua kuta za vyumba hazifiki juu. Sauti inapita juu kwa juu. Mambo ya siri tunanong'ona, hiyo ni adabu ya nyumba. Lakini nani ananong'ona habari za kitabu?

Jumamosi moja nilikuwa nimepita ukurasa wa mia tatu. Nikamwambia Kadzo, kwa sauti yangu yote ya Bungoma, kwamba Bi Rukia kamfukuza mwanawe wa pekee kisa ameoa msichana asiyemtaka yeye, na sasa ni miaka, kiburi hakimruhusu kumtafuta. Kadzo naye akajibu kwamba Bi Rukia ana roho ya jiwe.

Redio ya chumba cha mbele ikazimwa.

Wala hatukujali.

Asubuhi shikamoo yangu haikupata marahaba. Siku ya pili vilevile. Mtoto alitambaa hadi mlango wa mbele akaukuta umefungwa, akakaa pale akilia, usifunguliwe. Kadzo aliporudi naye chumbani alikuwa analia pia, na hatukujua kosa letu.

Siku ya tatu akatuita barazani. Hakutuambia tukae.

"Nambieni," akasema. "Nani aliyewapa habari za Athumani?"

Tukatazamana. Hatukuwa tunamjua Athumani yeyote. Ndipo akayarudia maneno yetu ya Jumamosi, neno kwa neno. Kumbe alikuwa na mwana kweli. Kumbe alimfukuza kweli, kwa ajili ya mke, mwaka wa tisa huo.

Nilikimbia kuleta kitabu. Ndani ya jalada nilikuwa nimeandika kwa penseli orodha ya majina yangu yote. Akavaa miwani, akaisoma polepole hadi kwa binamu wa Webuye. Kisha akarudi juu, lilipo jina lake.

Nikamwomba radhi. Nikamweleza kila kitu nikiwa nimeinamisha kichwa.

Akavua miwani. Halafu akasema, "Haya, kianze chuo chako tangu mwanzo. Nataka kujua nimefanya nini."

Chuo kwa wazee wa hapa ni kitabu. Ikawa ndiyo kazi yangu: siku nisizo na shift, baada ya sala ya alasiri, mkeka unatandikwa, mtoto yuko mapajani mwa Bi Rukia, mimi natafsiri. Wakuu, sijawahi kufurahia kusoma namna ile. Anambishia jenerali. Anamlaani wakili wa mle kitabuni. Yule mama mjane alipotajwa kwa ubaya, alikuwa akisema tu, "Endelea."

Shida ni kwamba kwenye feri nilikuwa nimeshatangulia. Nilijua ukurasa wa mia nane na kitu yule mama anakufa dirishani, barua aliyokuwa akimwandikia mwanawe haijamalizika, na mwana anafika baada ya maziko.

Nilipofika hapo nikashindwa. Nikaamua kudanganya. Nikatunga mwana amebisha hodi, mama amefungua, wamekumbatiana, chakula kimepakuliwa.

Bi Rukia alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "tangu uanze hujafunua ukurasa. Na macho yako yako ukutani. Nisomee kilichoandikwa."

Nikasoma kilichoandikwa. Kadzo akajifunika uso kwa leso.

Kisha Bi Rukia akauliza kama zama zile hapakuwa na simu. Nikamjibu hapakuwa.

"Angekuwa nayo, angepiga?"

Safari hii sikuthubutu kutunga. Nikamwambia, kwa kiburi kile, nadhani angeishika tu mkononi.

Akaitoa yake kwenye mfuko wa dera, akanipa. "Basi nipigie wewe. Mimi nitaishika."

Namba ilikuwepo miaka yote, imeandikwa "Mwanangu". Nikapiga, nikamrudishia. Iliita sana. Ikapokelewa.

"Athumani," akaita Bi Rukia.

"Naam, mama."

Wote tulisikia. Nikambeba mtoto, nikamshika Kadzo mkono, tukaingia ndani tukawaachia baraza.

Wakuu, funzo nililopata: jitabu refu halimshindi mtu akiwaweka ndani watu anaowapenda. Ila atahadhari na kuta.

Zimebaki kurasa sabini na sijazigusa. Bi Rukia amekataza hadi Jumapili, Athumani anakuja na mkewe. Naye ameshasema kwenye simu kwamba mimi nianze mwanzo.

Haya, karibuni. Nyie majina ya vitabu vya aina hii mnayashikaje? Na kama kuna aliyekitambua kitabu chenyewe, tafadhali msinipe spoiler. Nyumba nzima inasubiri.