Mama Mwenye Nyumba Alikuwa Anazika Mboga Zangu

Kuna watu ukiwapa mboga wanapika. Wengine hawazipendi, wanawatupia kuku.

Mama mwenye nyumba wetu alikuwa anazizika.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Anazizika.

Nilimwona kwa macho yangu, asubuhi jua limeshachomoza, nyuma ya tangi la maji. Fungu la mchicha nililomtumia muda si mrefu, bado lina umande. Amepiga magoti, amechimba shimo kwa kisu kikuukuu cha jikoni. Akaulaza ule mchicha ndani, akafukia, akasawazisha kwa kiganja.

Halafu akabaki pale pale chini, analia.

Nikarudi chumbani nikichechemea.

Mke wangu alikuwa anajifunga kitambaa cha kichwa aende kazini. "Vipi? Umeona jini?"

"Afadhali ningeona jini."

Ngoja nianze mwanzo, maana hivi hivi utaniona mwongo.

Mimi ni fundi rangi. Nilikuwa fundi rangi, niseme hivyo. Niliporomoka kutoka juu ya jukwaa nikipaka ukuta wa jengo la watu, nyonga ikavunjika, ikaja kuunga vibaya. Kupanda ngazi ikawa basi tena.

Mke wangu ni mpishi wa shule. Akawa anatoka asubuhi, anarudi jioni ananuka moshi, mimi nimekaa mlangoni kama gunia. Majirani wakaanza utani wao. "Baba wa nyumbani, leo umepika nini?" Nilikuwa nacheka nao. Ndani nilikuwa naungua.

Kazi iliyobaki ilikuwa moja, kumlea binti yetu. Alikuwa na miaka minne. Tulimwita Bibi Mdogo kwa sababu ya mdomo wake. Yule mtoto alikuwa anaongea kama mtu aliyezika waume watatu.

"Baba, hilo shati mbona limekunjamana hivyo? Watu watasema hatuna pasi."

"Kwani tunayo?"

"Ndiyo wasijue sasa!"

Hadi mama mwenye nyumba, mjane asiyecheka na mtu, alikuwa anamcheka. Akimwona anamwita "mke mwenzangu", kisha anampa kiti chake akalie.

Basi bwana. Nyuma ya vile vyumba vya kupanga kulikuwa na uwanja mtupu, haufanyiwi chochote. Nikaenda kumwomba mama nilime mboga kidogo, walau nimsaidie mke wangu.

"Pale hapaoti kitu, mwanangu."

"Nitajaribu tu, mama."

"Nimekwambia hapaoti."

"Mimi nitapafanya paote."

Akanitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaingia ndani kwake.

Nikachukulia kwamba amekubali.

Sasa mimi na kilimo ni mbingu na ardhi. Maisha yangu yote nimeshika brashi. Mbegu za mchicha ni ndogo kama vumbi la ugoro, mimi nikazifukia kwa kina kama nafukia maharage. Nikamwagilia, nikasubiri. Hakuna kilichotoka.

Nikaambiwa weka mbolea. Nikaenda kwa jirani mwenye banda la kuku, nikabeba mbolea mbichi, bado inafuka, nikaimwaga yote. Miche ikachungulia, ikaungua, ikawa kama imepitiwa na moto.

Mke wangu akasema, "Mume wangu, hata magugu yanakukimbia."

Nikaenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza miche. Akanicheka mpaka akashika kiuno, kisha akanifundisha. Changanya mbegu na mchanga mkavu ndipo uzimwage, zisirundikane. Funika na udongo mwembamba tu. Mbolea iache ioze kwanza mpaka iache kunuka. Mwagilia asubuhi na jioni, usimwagilie jua kali. Wadudu weusi wakija chini ya majani, nyunyiza maji ya sabuni.

Nikafuata kila neno. Nikachimbua upya, nikavunja mabonge. Nilikuwa nakuta vipande vya plastiki nyeusi, ngumu, na vijiwe vizito vya kijivu. Nikavirusha pembeni. Bibi Mdogo akaviokota, akafanya vikombe na sahani za kuchezea.

Safari hii miche ilitoka. Kijani, imenyooka, mstari kwa mstari. Niliita watu waje kuona, mtu mzima mimi!

Asubuhi moja nikaamka, yote imelala. Imenyauka kwa pamoja kama imekubaliana. Juu ya udongo kuna kitu cheupe kama unga. Nikajua ni mabaki ya ile mbolea ya kuku.

Nikapanda tena. Ikalala tena.

Yaani nilikaa chini pale pale nikalia. Bibi Mdogo akaja akanifuta machozi kwa gauni lake.

"Baba, labda inaogopa kukaa peke yake."

Hilo neno likaniingia. Nikaamua kulinda. Nikafunika matuta kwa chandarua kilichochakaa, nikahamishia kiti changu pale pale. Kutwa nzima niko bustanini. Na mimi nikiwa bustanini, mtoto yuko bustanini. Anacheza udongo, anapika udongo, ananikaribisha "chakula" kwenye vile vikombe vyake.

Mchicha ukakubali. Ukafuata spinachi, ikafuata bamia, hadi nyanya. Mke wangu akaacha kununua mboga. Wale majirani waliokuwa wananicheka wakawa wanapiga hodi na vikapu. Usinione hivi, nilitembea kifua mbele na nyonga yangu mbovu.

Kila nikivuna nilikuwa namtuma Bibi Mdogo ampelekee mama mwenye nyumba fungu lake. Uwanja ni wake, lazima aonje. Mama alikuwa anapokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mke mwenzangu."

Ndipo siku ile nikamwona nyuma ya tangi.

Wewe ungefikiri nini? Nilifikiri kile kile. Uchawi. Jirani mwenye kuku niliyemsimulia akapigilia msumari kabisa: "Huyo anazika nyota yako, kaka. Mumewe alikufa vibaya, mtoto wake alikufa vibaya. Kaa naye mbali."

Sikuweza kunyamaza. Nikamfuata mama barazani kwake.

"Mama, kama hutaki mboga zangu sema. Kwa nini unazifukia?"

Alishtuka mpaka ungo ukamponyoka.

"Usiniletee tena," akasema. "Na yule mtoto usimpe. Mtoto mpe maharage."

"Kwani mboga zangu zina nini?"

"Nimekwambia mpe maharage!"

Akafunga mlango. Nikasimama pale nimetukanwa, nikajiapiza hataonja tena hata jani.

Haukupita muda mrefu, Bibi Mdogo akaanza kulalamika tumbo. Linasokota, choo hapati. Tukampa dawa ya minyoo. Akawa hataki kula, amepauka, analia kwa vitu vidogo.

Kilichonitisha zaidi ni mdomo. Ule mdomo ulianza kukauka. Anataka kusema kitu, anakitafuta, hakioni. Ananyoosha kidole tu.

"Mbona amekuwa mpole hivi?" mke wangu akauliza.

"Anakua huyo," nikasema. Hata mimi sikujiamini.

Kisha ikaja ile siku. Nilikuwa napalilia. Nikasikia kitu kimeanguka katikati ya mchicha. Kugeuka, mwanangu amekakamaa, macho yamegeuka meupe, povu mdomoni.

Nilipiga yowe. Wanawake wa pale nyumbani wakaja mbio, wengine wanasema degedege, wengine mapepo. Jirani mwenye kuku akambeba begani, tukakimbia naye hospitali. Mimi na nyonga yangu nikakimbia. Mpaka leo sielewi nilikimbiaje.

Wakamtuliza kwa sindano, wakachukua damu. Mke wangu akatufuata na aproni yake ya jikoni. Tukakaa pale wodini tukishikana mikono.

Majibu yalipotoka daktari akavuta kiti akakaa mbele yetu. Dada mmoja kijana, mpole.

"Mtoto wenu ana risasi mwilini."

Nikaruka. "Risasi? Nani kampiga mwanangu?"

"Hapana, baba. Siyo ya bunduki. Ni madini. Risasi ile ya kwenye betri za magari. Imo kwenye damu yake, nyingi mno, na imeshafika kwenye ubongo. Wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi rangi."

Akaacha kuandika. Akanitazama, kisha akamtazama mke wangu.

"Rangi nyingine zina risasi," akasema taratibu. "Ulikuwa unarudi nyumbani na nguo za kazi? Unambeba mtoto ukiwa nazo?"

Nilikuwa nambeba. Kila siku nilikuwa nambeba. Alikuwa ananisubiri mlangoni.

Mke wangu akautoa mkono wake kwenye mkono wangu.

Sijawahi kuanguka kama nilivyoanguka pale, na ninajua kuanguka.

"Siyo yeye, daktari."

Tukageuka. Mama mwenye nyumba amesimama mlangoni, kashika chupa ya uji, kanga imemtoka begani.

"Siyo rangi yake. Ni uwanja wangu."

Akasimulia akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Marehemu mumewe alikuwa anayeyusha betri kuukuu pale nyuma, anatoa risasi anauza. Miaka na miaka. Kitinda mimba wao alikuwa anacheza pale pale. Akaanza tumbo, akaanza degedege, akafa. Wakaambiwa karogwa, wakazunguka kwa waganga.

Baadaye mume naye akaumwa, na hospitali ndiko walikoambiwa ukweli. Mume alichofanya ni kuleta malori ya udongo, akafunika uwanja, akajenga vyumba vya kupanga. Akamwapisha mkewe asifungue mdomo.

"Ningesema, nani angepanga? Ningekula nini mimi?"

"Kwa hiyo ukaniacha nilime," nikasema.

"Sikukuacha! Nilimwaga maji ya chumvi, mara mbili. Nilisema ukikata tamaa utaacha." Akairudisha kanga begani. "Ukaanza kulinda. Ukahamia pale na mtoto. Kila akiniletea lile fungu, nikimwona na udongo mdomoni, nilikuwa nakufa. Kutupa naogopa, kuku watakula, watu watakula kuku. Nikawa nazika."

Kumbe ile miche iliyolala siyo mimi. Mikono yangu haikuwa na kosa, na yule niliyemwita mchawi ndiye alikuwa anajaribu kumwokoa mwanangu. Na mimi nikamshinda. Nilijifunza kulima vizuri mno.

Mke wangu akainuka. Nilidhani atamrukia. Alichukua ile chupa ya uji mikononi mwake, akaiweka nje ya mlango, akarudi akasimama mbele yake.

"Mama," akasema polepole, "nguvu za kuua mboga ulikuwa nazo. Za kufungua mdomo ukakosa."

Mama mwenye nyumba akaondoka. Ile chupa ikabaki pale korido mpaka mfagiaji alipoiondoa.

Daktari akatueleza kwamba mboga zenyewe zilivuta sumu, lakini zaidi ni udongo: vumbi, mikono, vile vikombe vya kuchezea, kumbe ni vipande vya betri. Damu yangu na ya mke wangu nayo ilikuwa na risasi, ila mtu mzima huvumilia. Mtoto ubongo wake bado unajengwa. Wakamwekea dawa ya kuitoa. Ilitoka kidogo kidogo. Kilichoharibika hakirudi kwa dawa.

Watu wa afya wakaja na glavu, wakachukua udongo, wakazungushia uwanja utepe. Nilipita mlango kwa mlango nikawaambia wapangaji wote, mimi mwenyewe. Jirani mwenye kuku aliwachinja kuku wake wote akawachoma moto. Wapangaji wakahama mmoja mmoja. Nasikia mama yule bado anaishi pale, na vyumba vitupu.

Watu wananiuliza kama nimemsamehe. Sijui. Kuna siku namwonea huruma. Kuna siku natamani nimpelekee vile vikombe nimwambie anywee.

Tulipohamia sasa ninalima tena. Ndiyo, mke wangu alinishangaa. Lakini nilianza kwa kuuliza: kwa mwenye nyumba, kwa majirani, kwa mzee wa dukani aliyeujua mtaa kabla ya nyumba kujengwa. Hapa palikuwa na nini? Palichomwa nini? Palimwagwa nini? Na bado nikabeba udongo kwenye mfuko kwa bwana shamba upimwe, nikangoja majibu ndipo nikashika jembe.

Wewe unayeanza kilimo cha mboga, mimi sina siri ya mbolea ya kukupa. Nakwambia uliza kwanza ulipo pamekuwa nini. Mmea kustawi siyo cheti cha usalama. Ule mchicha wangu ulikuwa mzuri kuliko wa sokoni.

Na wewe unayejua jambo linaloweza kumdhuru mtoto wa mtu, usizunguke na chumvi usiku, usizike vitu nyuma ya tangi, usiseme "mpe maharage". Litaje kwa jina lake. Watu wakihama, wahame.

Bibi Mdogo anakaribia miaka saba. Anatembea vizuri, anacheka. Maneno yamebaki machache, na kubwa kuliko yote ni "maji". Chakula ni maji, kiatu ni maji, mvua ni maji. Mama yake ni maji, na mimi pia.

Mwanzoni nilikuwa nakimbia na kikombe kila akilisema. Siku hizi nimejua ni mimi anayemtaka, sichukui kikombe.

Acha niishie hapa. Ananiita.