Nilimwambia Mdogo Wangu Aende Taratibu, Sikumwambia Gari Ni Bovu

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana ndugu zangu wengi wanafuatilia ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mwalimu wa sekondari hapa Kasulu. Kwetu ni Kitanga. Tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye nitamwita Elia.

Mwishoni mwa 2012 nilinunua gari, zile ndogo zilizoinuka juu. Aina sitaitaja. Nyumbani ilikuwa sherehe, mama aliizunguka akiishikashika kama ng'ombe mpya. Haikumaliza miezi mitano ikaanza kugonga mbele kushoto, ko, ko, ko, kila shimo. Nikabadilisha shokapu, nikabadilisha bushi, ikatulia wiki mbili, ikarudi palepale. Gereji nikakutana na wenzangu wawili wenye gari kama hiyo, wote wanalia kilio kimoja: usukani unavuta pembeni, tairi zinalika upande. Tulikuwa tunacheka, tunasema gari hizi zimetengenezewa lami, sisi tumezileta kwenye makorongo.

Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2014 fundi aliinyanyua gari, akalitikisa tairi la kushoto kwa mikono, akaniita. "Mwalimu, boljointi imekwisha. Hiki chuma ndicho kinachoshika tairi. Kikichomoka, tairi linalala na usukani hautakusikia tena. Zungukia hapahapa mjini mpaka kifaa kije kutoka Mwanza. Usitoke nayo." Nikasema sawa.

Siku nne baadaye mama alikuwa na kliniki ya presha Kabanga. Haikuwa dharura. Angepanda basi kama siku zote. Ila mimi nilitaka mama yangu ashuke pale hospitali kwenye gari la mwanawe, wale wa kijijini wanaosubiri kwenye benchi wamwone. Nilikuwa nasimamia mtihani, nikampigia Elia aje achukue ufunguo akamfuate mama Kitanga. Alinikuta mlangoni mwa darasa. Nilifungua mdomo nimwambie habari ya lile tairi, nikawaza atakataa kwenda na gari, na mama ameshavaa kitenge chake kipya anasubiri. Nikasema tu, "Nenda taratibu." Akanijibu, "Usijali, dada."

Saa nne na nusu asubuhi nikapigiwa simu. Walikuwa wanateremka mlima, wametoka Kitanga, tairi la kushoto likalala, gari likaingia korongoni kwa upande aliokaa mama. Mama hakufika hospitali. Elia alivunjika mkono tu.

Msibani baba aliniuliza mbele ya wazee wa ukoo, "Ulipompa gari ulimwambia nini?"

Nikajibu, "Nilimwambia aende taratibu."

Ni kweli niliyasema. Na hayo ndiyo maneno yaliyommaliza mdogo wangu. Kuanzia hapo kwa kila mtu chanzo kikawa mwendo kasi wa Elia, hakuna aliyeuliza habari ya gari tena. Baba akamwambia, "Dada yako alikuonya, ukamuua mama yako." Elia hakujitetea. Aliinamisha kichwa, mkono umefungwa hogo. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka alipo, nikanyamaza.

Wiki tatu baada ya mazishi alikuja kwangu. Mtu mzima wa miaka 33 akapiga magoti sebuleni. "Dada, nisamehe. Nimekunyang'anya mama, na gari lako nimeliharibu. Naona kama nilikuwa mwendo wa arobaini, lakini labda najidanganya." Nikamwinua. Nikamwambia nimekusamehe. Jamani, mimi ndiye niliyemsamehe yeye!

Akahamia Kibondo. Udereva ndiyo kazi aliyoisomea, lakini hajashika usukani tena, sasa anafyatua matofali. Jumamosi iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikapanda basi nikamfuata. Nikamweleza yote, fundi, tairi, na kwa nini sikumwambia. Aliniuliza neno moja tu, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akatoka nje, akakaa juu ya matofali yake, akalia kwa sauti hadi majirani wakaja. Nilidhani akirudi atanipiga, na ningeshukuru.

Aliporudi alisema, "Usimwambie baba. Wewe ndiye unayemnunulia dawa. Akijua, hatapokea tena kitu mkononi mwako, na mimi, unamjua baba akishatamka neno halirudi, hatanirudisha ng'o. Atakufa peke yake pale nyumbani. Acha anichukie mimi, nimeshazoea." Nikataka kumshika mkono, akaurudisha nyuma. "Ila na wewe usije tena huku."

Sasa mwisho wa mwezi huu tunamaliza msiba. Baba amesema siku hiyo, mbele ya ukoo wote, atatangaza kwamba Elia si mwanawe, hana shamba kwake, na hata akifa asizikwe pale. Na mimi nimepangiwa kusimama kutoa shukrani kwa niaba ya watoto wa marehemu.

Nikisema ukweli, baba anabaki hana mtoto hata mmoja, na nitakuwa nimelivunja jambo pekee ambalo mdogo wangu ameniomba. Nikinyamaza, nitashukuru wageni huku Elia anafutwa kwenye ukoo kwa kosa langu. Silali, darasani nafundisha nasahau nilichoandika ubaoni.

Matusi yenu nitayapokea, nayastahili. Lakini mkishanitukana, naomba mnishauri: siku hiyo nikisimama mbele ya baba yangu, niseme nini?