Vieux wa magoti na viatu mupya

Mutu mwenye anasema magoti inamuuma, viatu mupya ya basket ni ya nini?

Leo ku entraînement ya basket, hapa Butembo, coach ametuletea vieux moja, muzee wa Beni, muchezaji wa zamani. Ati magoti inamuuma, atakuwa remplaçant wangu tu, wa kuingia nikichoka. Kesho équipe itaamua kama anasaini ao hapana.

Mimi, kwa heshima, nikamuletea kiti ya plastiki.

"Papa, ikala."

Akasema aksanti. Hakuikala.

Akaomba mupira. Akatupa, ikaingia. Akatupa tena, ikaingia. Hata kuruka hakuruka, bandugu.

Coach akaniangalia: "Wewe, pumuzika kwanza."

Donc niko naandika hii mu ile kiti. Niambieni, remplaçant sasa ni nani?

Vieux amepita karibu yangu sasa hivi, akaniuliza polepole: "Petit, magoti inakuuma?"