Basi la Mchana la Jumatano

Tata Beya na mimi, Laurentine, tunauza tiketi kwenye dirisha moja hapa Kolwezi, yeye za ndege, mimi za basi, na kila siku tunagombania wateja. Yeye huwaambia Lubumbashi kwa ndege ni dakika arobaini na tano. Mimi nawaambia ni masaa matano kwa barabara, na ndege yake ikiahirishwa watanikuta bado nipo. Lakini kwa muda wa safari hakosei. Malori ya shaba yakiziba njia pale Fungurume, atakuambia utafika saa ngapi kabla dereva hajajua.

Kosa lake ni moja tu, na bado linaniuma mimi niliyelishuhudia.

Dada yake mkubwa, Tshiela, hawajaonana tangu mwaka 1993, Wakasai kama wao walipofukuzwa huku. Tshiela alipanda treni na mama yao kwenda Kasai. Beya, kijana wa miaka kumi na sita, akabaki na baba. Leo Mbuji-Mayi, anakoishi Tshiela, si mbali kwa ndege, ila tiketi hiyo hata muuzaji wake haimudu. Anachotaka, amenieleza hadi nikamwambia anyamaze, ni kumwona uso mara moja kabla mmoja wao hajafa.

Jumatano moja asubuhi Tshiela akapiga, kwa simu ya kuazima. Sauti ilikatikakatika: Lubumbashi, ndege, msiba, siku mbili tu, makelela. Kisha kimya. Beya alipiga tena na tena, haikupatikana.

Makelela, kwa Kiluba cha kwao Kasai, ni kesho. Ni jana pia. Kitenzi ndicho hutenganisha, na kitenzi kilimezwa na mtandao. Beya amekulia Kiswahili cha Kolwezi. Akasikia kesho, kwa sababu kesho ndiyo aliyoitaka.

Basi langu la mchana lilikuwa limesimama mbele yetu, nusu ya viti vikiwa vitupu. Nilimwambia apande tu, akamngojee huko huko. Akakataa, akaenda kunyoa na kununua shati jeupe.

Alhamisi alisafiri asubuhi, akaenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Ndege ya Mbuji-Mayi ilitua alasiri. Aliwatazama abiria mmoja mmoja, akiogopa kwamba hatamtambua. Tshiela hakuwamo.

Jumamosi, tukiwa dirishani, simu ikalia. Beya alikuwa na shati lile lile. Nilimwambia aongeze sauti nami nisikie, maana nilikuwa na hasira na dada huyo asiyetokea.

"Yaya, uko wapi?" Beya akamuuliza dada yake.

"Niko ku nyumba, mu Mbuji-Mayi. Nilikuambia nilifika makelela. Siku ile yote nilikaa ku mulango ya nyumba ya msiba. Kila mwanaume mwenye kupita nilimuangalia, ninajiuliza kama ni wewe. Kesho yake asubuhi banaita ndeke yetu, ninapanda."

Mimi nililia, na sioni haya kulisema. Jumatano nzima Tshiela alikuwa masaa matano tu kutoka hapa, na basi langu lilikuwa na nafasi.

"Sasa utakuya siku gani, muanetu?" Tshiela akauliza.

"Makelela, yaya."

Dada hakumuuliza ni ipi, kesho au jana. Mteja mmoja alikuwa anasubiri, anataka kujua Lubumbashi ni muda gani. Nilimjibu mimi, kwa basi na kwa ndege pia.