Mihimili Isiyooshwa

Muthoka alikwangua kutu kwenye gati la Kilindini, Mombasa, miaka saba, na aliporudi kwao mashariki ya Thika mwaka wa 1954, hakumwacha mtu asahau. Bawaba ya jirani ikilia tu, huyo hapo, anaanza habari za bahari. Tusimnyime haki yake, alieleza vizuri. Alisema nguzo ya gati hailiwi sana kule chini inakolala majini siku zote, wala juu kabisa. Inaliwa pale kati, maji yanapojaa na kupwa, maana hapo chuma hulowa, kikakauka, kikalowa tena, na chumvi haibanduki. Watu walimsikiliza wakingoja amalize.

Kwa hiyo kanisa dogo la Mchungaji Kaleli lilipotaka daraja la miguu ili watu wavuke mto kwenda soko la Thika, nani mwingine angepewa kazi? Muuza vyuma vikuukuu wa Ruiru aliwapa mihimili miwili iliyong'olewa kwenye gati la zamani na kuletwa bara kwa garimoshi. Muthoka aliupapasa mmoja, akalamba kidole. Chumvi. Dawa yake aliijua: kwanza maji ya mto, mengi, usugue mpaka ndani ya vishimo, halafu ukwangue, ndipo upake rangi. Ukipaka rangi juu ya chumvi, umemfungia mwizi ndani ya nyumba.

Asubuhi ya kazi akina mama walifika na madebe, tayari kuteka maji. Aliyewatangulia ni Mbula, mama mkwe wake.

Sasa, kwa Wakamba mkwe ni mkwe. Mkikutana njiani, unaacha njia. Muthoka angewezaje kumpandisha ukingo wa mto mama wa mke wake na debe kichwani, kisha ampokee yeye mwenyewe akiwa kifua wazi na kaptura imeloa? Angeweza kumwita Kaleli pembeni amweleze, naye awapange watu wengine. Lakini alikwisha kujisifu mno, na mtu wa namna hiyo haombi msaada.

"Mama zetu, rudini tu nyumbani," alisema akitazama chini. "Bahari iko mbali. Chuma huku hakina adui."

Walirudi. Akakwangua juu juu, akapaka rangi nyekundu, kisha ya kijivu. Siku ya kufungua daraja waliiombea mikono yake, naye ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwaka wa 1958, baada ya mvua ndefu, mkewe Mukonyo alirudi kutoka sokoni akamwambia, "Baba Ndunge, rangi ya daraja lako imefanya malengelenge."

Alikwenda na nyundo. Chini ya rangi, chuma kilitoka magamba kwa magamba, na mahali pamoja nyundo ikapenya hadi upande wa pili. Juu ya kichwa chake wanawake walikuwa wakipita na vikapu, wakimsalimu. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Na uongo ulikuwa tayari mdomoni: angesema mihimili ilikuja mibovu kutoka Mombasa, na nani angejua? Alijichukia kwa kuupata upesi hivyo.

Aliziba daraja kwa miiba pande zote mbili. Jumapili akasimama kanisani.

"Daraja limeoza," alisema. "Nilijua chuma kina chumvi, na sikukiosha."

"Kwa nini, ndugu?" Kaleli aliuliza.

Mbula alikuwa benchi la tatu. Muthoka aliyahamishia macho yake kwa Kaleli.

"Kiburi," akasema. Ilikuwa kweli, ingawa si yote.

Tangu hapo watu walizunguka kwa kivuko cha juu, saa nzima zaidi, na njia hiyo ilipita langoni pa Muthoka. Hakuna aliyemlaumu. Mbula naye alipita kila siku ya soko, mgongo umeinama kwa mzigo wa maembe. Akimwona mkwe wake uani, aliacha njia kama desturi inavyotaka, akaingia kwenye majani yenye umande mpaka magotini, akapita polepole huko pembeni, uso ameugeuza. Bado alimpa heshima yake yote. Muthoka alitamani angalau siku moja asimame pale langoni amtukane.