Rula Fupi ya Baba

Mashine yangu ya leza ni ndogo hivi kwamba mteja anayeingia kwa mara ya kwanza huniuliza iko wapi. Iko hapo hapo mezani, nyuma ya vitenge vya mama, katika chumba chetu cha biashara mtaani Mbugangari: fremu ya chuma, kichwa kinachoteleza kulia na kushoto, na nukta ya mwanga wa buluu ambayo huitazami bila miwani yake. Nachoma majina kwenye vishikio vya funguo, namba za vyumba kwa nyumba za wageni za ufukweni, na picha za maharusi kwenye vibao. Ni kazi ya kawaida, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kazi ya kawaida. Nilitaka kusifiwa.

Sifa zilikuja kwa herufi ndogo. Dereva mmoja wa njia ya Rubona aliniletea kipande cha mbao kisichozidi kisanduku cha kiberiti, nami nikamchomea humo dua nzima ya safari na majina ya watoto wake wote. Alikipeleka mlangoni penye jua, akakisogeza karibu na pua, akapiga kelele: "Eeh, dada, we iko muchawi!" Kesho yake alirudi na wenzake wanne. Kichwa kikanivimba. Tangu hapo, kila kitu nilichokishika nilikitazama kwa jicho moja tu: maneno mangapi yataenea hapa?

Baba yangu alikuwa fundi wa nguo. Rula yake fupi aliichonga mwenyewe kutoka kwenye ubao wa mlango wa zamani, urefu wa kiganja na vidole, upana wa vidole viwili, na alama za kipimo akazikata kwa kisu ukingoni. Kwa rula hiyo alipima pindo za suruali na mikono ya kanzu. Aliibana kwenye kitambaa kwa dole gumba la kushoto, mkono wa kulia ukavuta chaki. Miaka thelathini na kitu ya kubana mahali palepale ilichimba kishimo katikati ya ubao, laini, cha ukubwa wa dole lake.

Alilazwa kipindi kile cha karantini, ambacho wagonjwa walikuwa hawatembelewi. Tulikuwa tunaacha chakula getini na kurudi. Siku moja muuguzi akatutolea barua, karatasi ya daftari iliyojaa pande zote mbili kwa mwandiko wake wa kubanana. Haikuwa barua ya kuaga. Alikuwa akitoa amri kama kawaida yake: cherehani ifunikwe, vumbi lisiingie, suruali ya mwalimu wa Nyundo bado zipu, mwalimu aambiwe asubiri, paa la jikoni litazamwe kabla ya mvua. Mwisho kabisa alimwandikia mama: "Ukule, usiningoje." Mama alikuwa hajawahi kugusa chakula cha jioni kabla baba hajarudi, hata akichelewa vipi. Siku mbili baadaye tuliitwa kuchukua mwili.

Mama aliiweka barua kwenye mkoba wake na rula kwenye mfuko wa gauni. Barua ikaanza kukatika kwenye mikunjo. Na macho yake nayo yakaanza kumtupa. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, la kushoto limeshakwenda na la kulia liko njiani, matone yatalichelewesha tu. Siku alipotoka huko alikuja moja kwa moja mezani kwangu, dole lake likiwa kwenye kile kishimo.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita akiwa na ombi, "uniandikie hapa maneno mbili tu. Zile za mwisho. Uweke kubwa, hapa pembeni ya shimo. Macho ikienda, nitasoma na kidole."

Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Ningeifanya palepale, akiwa amesimama.

"Mbili tu?" nikasema. "Mi nitakuwekea barua yote."

"Yote itaenea wapi?"

"Itaenea. We ngoja uone."

Alicheka kidogo. Nadhani alifurahi kwamba nina nia kubwa. Alirudisha rula mfukoni, akasema nikiwa tayari nimwambie.

Nilichukua karibu miezi saba. Barua ya pande mbili kwenye rula fupi ilitaka herufi ndogo kuliko mbegu ya mchicha, na huko chini leza inakuwa na kiburi chake. Tumbo la "a" linajaa masizi, "e" inaziba, na "m" inakuwa doa. Nilipunguza nguvu ya mwanga, nikaongeza mwendo. Nilibandika utepe wa karatasi juu ya mbao ili moshi usipake rangi. Niliacha herufi nene nikachora za mstari mmoja. Kila jaribio nilichomea kwenye vipande vya mbao ngumu nilivyookota kwa maseremala, na kila jaribio nikaona lina kasoro. Mama aliuliza mara moja moja, "Bado?" Nami nikajibu, "Bado kidogo, inakuja." Nilikuwa namwona akipapasa vikombe mezani. Nilimwona akimkatia kitenge cha kijani mteja aliyeomba cha buluu, mteja akakipokea hivyo hivyo kwa heshima. Niliyaona yote hayo, nikarudi kwenye herufi zangu. Sijui hasira hii nimwelekezee nani kama si mimi.

Alipofunga Ramadhani mwaka huo, alikuwa anaona mwanga wa mlango tu.

Siku chache baada ya Idi, barua ikakaa sawasawa kwenye kipande cha majaribio, kila neno linasomeka kwa kioo cha kukuzia. Nikamwomba rula. Niliiweka chini ya leza nikaona tatizo ambalo sikuwa nimeliwaza. Lenzi inataka umbali uleule kila mahali, na katikati mbao ilikuwa imezama. Herufi za pale zingetoka na ukungu. Ningeweza kulizunguka shimo. Ningeweza kuacha mistari mitatu. Badala yake nilichukua msasa.

Nilisugua uso wote mpaka ukawa tambarare. Nilisugua kwa bidii, nikiimba. Vumbi nililipuliza kwa mdomo, likaenda sakafuni pamoja na vumbi la vibao vingine vyote. Kisha nikachoma barua yote, bila kosa hata moja. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nilimpelekea mchana. Alikuwa amemaliza kuswali adhuhuri, bado yuko kwenye mkeka.

"Mama, iko tayari."

Akanyoosha mkono. Dole gumba lake likaenda katikati, likateleza. Likarudi. Akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena.

"Hii ni rula ya nani?"

"Ya baba."

"Hapana. Ya baba yako iko na shimo."

Nikamweleza. Nilieleza sana, habari za lenzi na umbali na ukungu, kama ninavyowaeleza wateja wabishi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Alikuwa bado anapitisha vidole juu ya mbao, na najua hakuhisi kitu, kwa sababu herufi za namna ile hazihisiwi hata na kidole changu. Kisha akasema taratibu, na heri angenigombeza:

"Barua niko nayo mu kichwa yote, mama. Kidole yake ilikuwa hapa tu."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniambia nimsomee basi, aone kama sikuruka neno. Nikakimbia kuchukua kioo cha kukuzia, kwa kuwa bila kioo hata mimi mwenyewe sikuweza kuisoma. Nikasoma cherehani, zipu ya mwalimu, paa la jikoni. Midomo yake ilikuwa inatangulia sauti yangu. Nilipofika mwisho alikuwa ameshamaliza.

"Umeandika muzuri," akasema. "Baba yako angefurahi."

Siku hizi nikipata kazi ya herufi ndogo naikataa. Nawaambia mashine haiwezi. Mama anakaa mlangoni, rula mapajani, na dole lake gumba linasugua katikati, palepale, tangu asubuhi mpaka tufunge. Mistari ya pale imeshaanza kufutika. Sikumwambia, wala sitaichoma upya.

Juzi aliiacha juu ya meza akaenda kutawadha. Nikapitisha kidole changu katikati, nikakirudisha tena. Bado ni tambarare.